Damu Iliyokaa Mezani

Crescent Town, Toronto
14 Januari 2012

Mpendwa Mjomba Polycarp,

Shikamoo. Na Shangazi Généreuse mpe shikamoo yake kabla hujaendelea kusoma, maana najua amesimama nyuma ya kiti chako anangoja kusikia kama nimemtaja. Sisi hatujambo. Mkweo Rogers bado yuko ghalani kule Rexdale, treni moja na mabasi mawili kwenda, na hivyo hivyo kurudi. Wamempandisha kuwa kiongozi wa zamu, na sasa anazunguka humu ndani ameshika karatasi kama mkuu wa wilaya aliyekuja kukagua choo cha shule. Mjukuu wako Stephanie ametimiza miaka tisa. Kiswahili anakielewa chote, hasa ukimsema, ila akifungua mdomo ni Kiingereza. Anaamini kuwa "Mjomba" ndilo jina lako la ubatizo. Juzi waliambiwa shuleni waandike juu ya mtu wa ukoo wao, akaandika kurasa mbili za "Mista Mjomba na hadubini yake". Nitakutumia nakala.

Baridi ya mwaka huu imetuonea huruma. Mimi ndiye ninayelalamika, kwa sababu nimepiga simu mara nne tangu Krismasi, na mara zote anapokea Shangazi, na mara zote wewe umetoka kidogo. Mtu wa miaka sabini na moja anatoka kidogo kwenda wapi mara nne? Kama nimekukosea, niambie nikuombe radhi.

Mwaka jana uliniuliza nafanya nini hasa huku, nikakujibu mbio mbio kwa sababu vocha ilikuwa inaisha. Ngoja nikueleze vizuri. Unakumbuka ulivyonifundisha kuhesabu chembe nyeupe za damu nikiwa darasa la sita, nimesimama juu ya kreti la soda ili jicho langu lifike kwenye hadubini? Ni hizo hizo. Natafuta kwa nini za mzee hazipigani kama za kijana. Ya kijana ikikutana na adui inabadilisha mapishi papo hapo: inachoma sukari kwa kasi, inajijenga, inagawanyika, baada ya siku chache ziko maelfu. Ya mzee inaitwa, inasikia, lakini inachelewa kuinuka. Mle ndani kuna mitokondria, vile viwanda vidogo vya nguvu, na kwa mzee vingi vimechakaa na hakuna aliyevifagia nje. Cha ajabu ni kwamba chembe hiyo hiyo inayozembea siku ya vita, siku ya amani nayo haitulii. Inafuka chini kwa chini kama moto wa pumba, na mwili mzima unachoshwa na moshi wake.

Damu za vijana tunazipata kwa wanafunzi hapa hapa chuoni. Za wazee zinatoka kwenye nyumba moja ya wazee huko Richmond Hill, kaskazini mwa jiji. Mwenzangu Taki, Mgiriki, ndiye anayezileta kwa gari. Na majibu yangu, Mjomba, ni makubwa. Tofauti ya wazee na vijana imekuwa pana kuliko alivyowahi kuipata mtu yeyote maabara kwetu. Profesa anasema nikiendelea hivi, shahada ya uzamivu ni yangu kabla ya Krismasi ijayo.

Nilitaka uwe wa kwanza kujua. Mama alipofariki wangeweza kunigawa popote, na wewe ukasema mtoto huyu anakuja kwangu. Ahsante, Mjomba. Naisema mara kwa mara lakini haijawahi kunitosha.

Mpwa wako,
Asumpta


Kasulu
26 Februari 2012

Mpwa wangu Asumpta,

Marahaba. Barua yako imetembea siku thelathini na nane, na nadhani kuna mahali ililala ikanywa chai. Shangazi yako hakuwa nyuma ya kiti. Alikuwa jikoni, lakini alipiga kelele kutoka huko huko: "Ananisalimia?" Nikamwambia ndiyo, akaendelea na ugali wake. Huku mvua zipo, maharage yamekubali, na parokia imepata padre mpya, Hyacinthe, kijana mwenye sauti nzuri na mahubiri marefu. Jumuiya siendi siku hizi. Miguu.

Hujanikosea kitu. Ni masikio. Simu nikiiweka sikioni nasikia mbu, kwa hiyo Shangazi yako huwasha spika, na spika ikishawaka mazungumzo yetu yanasikilizwa na nyumba tatu. Yako mambo ambayo mtu hayasemi mbele ya nyumba tatu. Wewe andika.

Sasa kazi yako. Nimeisoma mara mbili, nikafurahi mara mbili, halafu nikaanza kukuna kichwa. Mwaka 1978 hospitalini kwetu tulipokea damu za wagonjwa kutoka kijiji kimoja cha mbali, wote sukari yao ya damu iko chini. Daktari wetu wa wakati huo alifurahi sana, akataka kuwaandikia wenzake wa Ulaya kwamba amegundua ugonjwa mpya. Mimi nikaenda kumwuliza mhudumu wa zahanati ya kule anavyozileta. Kumbe alikuwa anatoa damu asubuhi, anazipanga mezani, anangoja zifike kumi na mbili ndipo apande baiskeli. Damu haifi ikitoka mwilini, Asumpta. Inaendelea kula. Sukari inaliwa humo humo ndani ya chupa, saa baada ya saa, na wewe ukija kupima unadhani mgonjwa ndiye mwenye njaa.

Kwa hiyo niambie: damu za hao wanafunzi zinafika mkononi mwako baada ya dakika ngapi? Na za wazee je? Na huyo Mgiriki anapita wapi?

Jambo la pili. Yuko rafiki yangu mmoja, mstaafu, wewe humjui. Tangu Novemba ametokwa na mkanda wa jeshi, ubavu wa kushoto, kuanzia mgongoni mpaka chini ya chuchu. Malengelenge yamekauka lakini maumivu hayajamwachia. Shati likimgusa anaruka. Unajua watu wa huku wakiona mkanda wa jeshi wanasema nini. Na mimi, miaka yote niliyokaa maabara, waliokuja na mkanda niliwapima, na majibu yao nayakumbuka. Yeye hataki kupima. Anasema anajua tayari. Mtu kama huyo nimwambie nini? Jibu kwa barua, usipige simu.

Mjomba wako,
Polycarp


Toronto
2 Aprili 2012

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Barua yako ilifika wiki mbili zilizopita na tangu siku hiyo sijala vizuri. Nitakuambia kwa nini, lakini kwanza salamu: Rogers anakusalimia, Stephanie anakusalimia, na nakala ya insha yake nimeiweka humu. Amekuchora na ndevu. Nilimwambia huna, akasema sasa unazo.

Dakika ishirini, Mjomba. Hizo ni za wanafunzi; wanatolewa damu ghorofa ya chini, napanda nazo kwa ngazi. Za wazee, saa tatu, na siku za foleni saa nne. Taki si mzembe, barabara ndiyo ilivyo. Hakuna aliyewahi kuliuliza hilo, mimi wala profesa wala wale wote waliopiga makofi nilipowaonyesha majibu yangu. Niliposoma habari ya yule mhudumu wako na baiskeli yake nilikuwa kwenye treni, nikapitiliza kituo.

Kesho yake nilichukua damu ya kijana mmoja nikaigawa mara mbili. Nusu niliifanyia kazi pale pale, nusu nikaiacha mezani saa tatu. Ile iliyokaa ilifanana na ya mtu wa miaka sabini na tano. Nilirudia hesabu mara mbili. Halafu nikaenda kugonga mlango wa profesa, na kutoka benchi langu mpaka mlango ule ni hatua thelathini, nilizihesabu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akauliza nani kaniambia. Nikasema ni mjomba wangu, fundi wa maabara mstaafu, yuko Kasulu. Akasema nikushukuru, na kwamba angetamani ungekuwa kwenye kamati yangu ya shahada, halafu akasema nirudie kila kitu upya. Mwaka mzima na nusu wa kazi.

Sasa naenda mwenyewe Richmond Hill na vifaa vyangu. Wamenipa chumba kando ya chumba cha kufulia. Ndipo nilipomfahamu Mzee Lancelot, Mgoa, ana miaka themanini na minne, zamani karani wa reli Tabora. Aliposikia jina langu tu akaanza: "Wewe binti wa wapi? Kigoma? Aaa, basi wewe jirani! Sindano polepole, eh, hii damu mimi imebaki kidogo tu." Kiswahili chake ni kile cha stesheni, hakijaoga tangu mwaka sitini na nane, na mimi nakipenda kuliko redio.

Ni yeye atakayemjibu rafiki yako. Wiki iliyopita niko naye kwenye chumba cha kulia, wazee wenzake wamejaa, akapandisha fulana akanionyesha alama ubavuni. "Binti, angalia. Mkanda wa jeshi. Miaka miwili bado inauma, kama mtu anapiga pasi mwenyewe ndani ya shati." Alisema kwa sauti kubwa, kisha akarudia kwa Kiingereza ili wenzake wasikie. Mama mmoja akasema wake ulikuwa usoni. Mwingine akasema wa mumewe ulikuwa kiunoni. Mjomba, mimi niligeuka kutazama mlangoni nione nani amesikia. Na wazo langu la kwanza lilikuwa lile lile la watu wa kwetu, UKIMWI, mimi ninayesomea jambo hili miaka mitano. Niliona aibu.

Mwambie rafiki yako hivi. Tetekuwanga aliyougua akiwa mtoto haikuondoka. Virusi vyake vilijificha kwenye mizizi ya mishipa ya fahamu, na chembe nyeupe zikawa zinavilinda visitoke miaka hamsini, sitini, bila yeye kujua. UKIMWI ukiwaua walinzi hao, vinatoka. Lakini walinzi wakizeeka tu, vinatoka vilevile. Huku karibu mtu mmoja kati ya watatu atapata mkanda wa jeshi kabla hajafa, na wengi ni watu wa umri wa rafiki yako. Wewe maabara ulikuwa unaletewa vijana wa miaka thelathini. Wazee hawakuja, walikaa nyumbani na dawa za miti. Kwa hiyo unaowakumbuka si wote.

Na mwambie akapime. Akipima atajua, na hata yakiwa yale anayoyaogopa, dawa zipo siku hizi na watu wanaishi. Mwambie Asumpta anamsalimia, ingawa hamjui.

Mpwa wako,
Asumpta


Kasulu
20 Juni 2012

Mpwa wangu Asumpta,

Marahaba. Samahani kwa kuchelewa. Tulikuwa na shughuli.

Insha ya mjukuu wangu nimeibandika ukutani. Kuhusu ndevu, nimeanza kuziacha ziote ili asionekane mwongo.

Kazi uliyoifanya ya kugonga mlango wa profesa ni kubwa kuliko majibu yoyote. Nimefanya kazi na watu wenye vyeti vingi ambao wangeinyamazia saa tatu hiyo mpaka kaburini. Nimekushukuru moyoni kila siku tangu barua ilipofika, nikimsimulia marehemu mama yako kana kwamba yuko hapa.

Rafiki yangu hajambo. Nimemfikishia maneno yako. Amehama.

Nimefikiri kuhusu hadubini. Watoto wangu walioko Dar es Salaam hawana kazi nayo. Nataka iwe yako, na nimeandika hivyo kwenye karatasi, nakala moja anayo Padre Hyacinthe. Lenzi ya kukuza mara mia ina ukungu kidogo pembeni lakini ukiifuta kwa uangalifu inaona. Vitabu vyangu vya maabara pia. Shangazi yako akibaki peke yake usiache kumpigia, hata kama ana maneno mengi.

Mjomba wako,
Polycarp


Toronto
15 Julai 2012

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Leo salamu za nyumbani zitakuwa fupi. Wote wazima.

Hadubini siitaki. Siitaki kwa karatasi ya kwa padre. Nilipoisoma barua yako nilimpigia Shangazi simu, na najua ulinikataza, lakini nilipiga saa ambayo wewe huwa shambani na nikamwomba azime spika. Nilimwuliza swali moja tu: Mjomba ana nini? Akasema, "Mimi najua basi? Jua linawaka, yeye amevaa koti. Shati hataki nimfulie, analifua mwenyewe usiku wa manane kama mwizi. Nikimgusa hapa ubavuni anaruka. Jumuiya kaacha, kwaya kaacha. Nikiuliza ananiambia ni miguu. Miguu iko ubavuni?"

Mjomba, rafiki yako hakuhama.

Sikuandikii kukulaumu. Nilikaa na barua zako zote kwenye meza ya jikoni nikalia, Stephanie akaniletea karatasi ya chooni roli zima. Nilichomweleza rafiki yako nakirudia kwako: una miaka sabini na moja, na hiyo peke yake inatosha kuleta mkanda wa jeshi. Kama kuna sababu nyingine inayokufanya uamini vibaya, sijui, hujaniambia, na sikulazimishi. Ila nikukumbushe kitu kimoja. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, akaletwa mama mmoja amekonda, macho yamezama, nami kabla hujaweka kioo chini ya hadubini nikasema huyu ana kifua kikuu. Ulinitoa nje. Ulinisimamisha kwenye veranda mbele ya wagonjwa wote ukaniambia maabara haisomi majibu usoni kwa mtu, na atakayefanya hivyo tena hataingia chumba chako. Yule mama alikuwa na minyoo.

Sasa ni wewe uliyejisomea majibu bila kupima. Tangu Novemba. Ungekuwa mimi ungenisimamisha verandani.

Habari za kazi: nimerudia watu kumi na wanne, wote damu yao inafika kwa muda ule ule. Tofauti imepungua nusu. Nusu ya uzee niliokuwa nimeuandika ilikuwa foleni ya barabarani. Nusu iliyobaki ni ya kweli, na profesa anasema inatosha kunipa shahada, labda mwakani badala ya Krismasi. Bila wewe ningesimama mbele ya watu nikatetea foleni. Sijui nikulipe nini kwa hilo, na naona njia moja tu, ambayo ni kukusumbua mpaka uende ukakae kwenye kile kiti cha wanaopimwa.

Nakupenda, Mjomba. Hatukuzoea kuambiana hivyo, lakini huku wanaambiana mpaka kwenye simu ya kuagiza chakula, nami nimeambukizwa.

Asumpta


Kasulu
Jumatatu, 27 Agosti 2012

Mpwa wangu, mwanangu Asumpta,

Marahaba. Leo sina habari za maharage.

Mwezi wa tano mwaka 1993 wewe ulikuwa bwenini. Wodi ilikuwa imejaa na glavu zilikuwa zimekwisha. Nilimtoa damu dereva mmoja wa lori, akashtuka, sindano ikaingia kwenye dole gumba langu. Nilinawa kwa sabuni, nikaendelea na foleni. Damu yake niliipima mwenyewe, na majibu yake, kwamba ana virusi, niliyaandika kwa mkono wangu. Yangu sikuyatafuta. Niliwapima watu wa wilaya hii, Asumpta, sijui elfu ngapi. Niliwashika mabega nikawaambia kupima ni ujasiri. Halafu nikienda nyumbani napita mlango wa maabara yangu mwenyewe nikiangalia chini.

Wiki ile nilihamia chumba cha pili. Shangazi yako nilimwambia ni mgongo, unataka kitanda kigumu. Nilikuwa na miaka hamsini na miwili, yeye arobaini na sita. Hakuuliza mara ya pili. Nilijiambia namkinga, na kweli nilikuwa namkinga, lakini dakika kumi na tano kwenye kiti cha kupimwa zingeniambia kama kuna haja. Nilikuwa naogopa. Miaka ikaenda, sikuugua, nikasema labda, kisha nikasema nisiichokoze. Mkanda ulipotoka Novemba nikaona ndio huo, umefika.

Barua yako ilifika Ijumaa. Jana baada ya misa nilifunga mlango nikamsomea Shangazi yako yote, mpaka pale pa veranda. Kisha nikamwambia lililobaki, ambalo wewe hukulijua: sindano, dereva, chumba. Aliichukua barua yako mkononi mwangu, akaikunja vizuri. Ndipo akasema:

"Kwa hiyo hukuwa na mwanamke Kigoma mjini?"

Nikamwambia mwanamke gani? Akasema, "Mimi nitajuaje? Miaka kumi na tisa namchukia. Kila ukienda kufuata pensheni yako nasema haya, anakwenda kwake. Nilimpa mpaka jina." Akaanza kucheka, kisha haikuwa kicheko tena. Mimi sikujua niweke wapi mikono yangu. Alipomaliza alijifuta uso kwa kanga akasema kliniki ni Alhamisi, tutakwenda wote wawili, na nisithubutu kusema miguu.

Barua siifungi. Nitaendelea Alhamisi.

Alhamisi

Tumerudi sasa hivi.

Anayepima siku hizi ni Nuria, binti niliyemfundisha kushika sindano mwaka wangu wa mwisho kazini. Nilipoingia akadhani nimekuja kumsalimia, akanipa kiti chake. Nikasema hapana, nimekuja kukalia kile kingine. Alinitazama, akamtazama Shangazi yako, akasema, "Sawa, Mzee. Basi leo kaa unapokaa mgonjwa, na usinifundishe kazi." Alinichoma kidole, kisha na Shangazi yako. Kile kipimo nakifahamu: mstari mmoja huna, miwili unao. Nikaanza kuinama nichungulie kabla muda haujafika. Alikifunika kwa karatasi. Shangazi yako akanishika mkono, ule wa dole gumba lile, hakuuachia dakika zote kumi na tano.

Mstari mmoja. Wake mmoja.

Nikamwomba Nuria arudie. Akarudia na hakunicheka. Mmoja tena. Akasema, "Mzee, mkanda wako ni umri tu," akaniandikia dawa ya maumivu ya mishipa. Umri tu! Nimelalamikia uzee tangu nilipostaafu, magoti, masikio, meno, na leo niliposikia ni uzee nilitaka kuupigia magoti. Nilitoka pale nikawasalimia watu wote kwenye benchi, hata nisiowajua, nimevua koti. Shati langu alilishika Shangazi yako kwa mbele lisinikwaruze, tukatembea hivyo mpaka barabarani, watu wanatuangalia.

Asumpta, nilikupa kreti la soda, ukanirudishia haya. Mpe pole na ahsante zangu Mzee Lancelot, mwambie yuko mwenzake Kasulu anayepigwa pasi ubavu ule ule wa kushoto. Kama wake ni wa kulia nitamsamehe. Profesa wako mshukuru pia kwa kukuvumilia. Wewe nashindwa kukushukuru kwa maandishi. Ningekuwa karibu ningekaa tu mbele yako.

Tulipofika nyumbani niliketi kuandika haya. Shangazi yako hakuketi. Aliingia chumba cha pili, akatoka na blanketi langu. Akarudi, akatoka na mto. Akarudi, akatoka na nguo zangu zote mkononi pamoja na viatu. Nikamwuliza unafanya nini. Akasema, bila kusimama, "Nimechoka kufagia vyumba viwili."

Kwa hiyo tuna chumba kitupu. Mkipata likizo mje, na mwambie Stephanie chumba hicho ni chake. Kitanda ni chembamba, hakikutengenezwa kwa watu wawili, lakini mtoto atalala vizuri.

Mjomba wako,
Polycarp